Nani Alichangia? Siri na Uwazi katika Fedha za Siasa

Katika mijadala yetu juu ya fedha za uchaguzi, anayetaka jina la mchangiaji lifichwe hushukiwa mara moja kuwa ana jambo la kuficha. Mara nyingi shaka hiyo ni ya haki. Hata hivyo, chama kilichotuletea uhuru kilikua kwa michango ambayo baadhi ya watoaji wake wasingethubutu kuitoa hadharani.

Agosti 1953 serikali ya kikoloni ilitoa Waraka Na. 5, uliowakataza watumishi wake Waafrika kujiunga na vyama vya siasa. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kuandikisha vyama, ambayo iliipa serikali uwezo wa kukataa tawi lolote. TANU, iliyozaliwa Julai 1954, ilizuiwa Usukumani hadi 1958. Makarani na watumishi wengine wenye mshahara ndio waliokuwa na cha kuchangia, na ndio hao hao ambao orodha ya majina ingewapotezea kazi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, ingawa hakuwa mtumishi wa serikali, alilazimika kuchagua kati ya ualimu wa Pugu na siasa aliporejea kutoka Umoja wa Mataifa mwaka 1955, akaacha kazi.

Katika milima ya Usambara hofu hiyo ilikuwa na sura ya jembe. Mpango wa kuhifadhi udongo ulioanzia bonde la Mlalo mwaka 1946 uliwalazimisha wakulima kulima matuta kwa amri, na aliyekaidi alitozwa faini. Uliachwa mwaka 1957, baada ya watu kuukataa kwa miaka mingi. Serikali iliyokuwa ikikagua shamba kwa shamba ili ijue nani amelima matuta na nani hakulima haikustahili kupewa pia orodha ya waliotoa senti zao kwa chama.

Mbali na hapa, mwaka 1958, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa jimbo la Alabama kukilazimisha chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, NAACP, kukabidhi majina ya wanachama wake. Ilitambua kwamba jina likishafika mikononi mwa dola yenye uadui, uhuru wa kujiunga unabaki wa maneno matupu.

Lakini tazama jinsi hoja hii ya mnyonge ilivyokuja kuvaliwa na wenye nguvu. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, fedha ziliingia katika kampeni kwa kasi ambayo sheria haikuiwahi. Mwaka 2000 Bunge lilibadilisha Sheria ya Uchaguzi na kuruhusu takrima: ukarimu wa kawaida na wa kimila, uliotolewa kwa nia njema, usihesabiwe kuwa rushwa. Neno zuri la mwenyeji kwa mgeni wake likageuzwa kuwa kibali. Sijui mila gani ya Kisambaa, au ya kabila lingine lolote, humtaka mgeni aje na pilau siku chache kabla ya kura kisha asionekane kwa miaka 5. Asasi 3 za kiraia zilifungua kesi, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba. Hoja mojawapo ilikuwa rahisi: takrima inambagua mgombea maskini.

Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ilizaliwa katika mazingira hayo. Inaweka ukomo wa matumizi, na inakitaka chama kumweleza Msajili wa Vyama vya Siasa mchango unaozidi shilingi milioni 1 kutoka kwa mtu mmoja, au milioni 2 kutoka kwa taasisi. Kugawa wachangiaji wadogo na wakubwa ni busara. Mchuma chai wa Bulwa anayetoa shilingi elfu mbili hamnunui mbunge, na jina lake ni lake.

Tatizo langu liko kwa mpokeaji wa orodha. Msajili huteuliwa na Rais, na kwa kawaida Rais ni kiongozi wa chama kinachoshindana na vingine. Mfanyabiashara wa Lushoto anayekichangia chama cha upinzani milioni 3 anajua kwamba jina lake litafika serikalini, na anaweza kuhofu juu ya leseni yake na makadirio ya kodi yake. Mpiga kura, ambaye kwa ajili yake uwazi ulibuniwa, hana njia rahisi ya kuliona jina hilo wala majina ya waliokichangia chama tawala. Hapo dola inajua na raia hajui, nao ndio mpangilio ule ule wa Waraka wa 1953.

Mahakama za Marekani, kuanzia 1976, ziliafiki kutajwa kwa wachangiaji, lakini zikaacha nafasi kwa chama kidogo kinachothibitisha kwamba watu wake watanyanyaswa. Msamaha wa namna hiyo unafaa kufikiriwa kwetu pia, mradi ushahidi upimwe na jaji na si ofisi ya serikali. Kwa wachangiaji wakubwa, muda ndio muhimu: taarifa inayotoka baada ya kura kuhesabiwa ni ya wanahistoria. Daftari la wapiga kura hubandikwa ukutani kabla ya uchaguzi ili kila mtu alikague. Majina ya waliotoa mamilioni kwa wagombea wa jimbo moja yangetosha kwenye karatasi moja kando yake.