Vyombo vya Samaki Hai: Biashara ya Samaki wa Mapambo katika Ziwa Tanganyika

Biashara ya samaki hai wa Ziwa Tanganyika ni changa kuliko elimu ya samaki hao. Kwa zaidi ya nusu karne Ulaya iliwajua wakiwa wafu. J. E. S. Moore, mtaalamu wa wanyama kutoka Uingereza, alifika ziwani mwaka 1896 akarudi tena 1899, na mikusanyo yake ilisafiri ikiwa imehifadhiwa kwa dawa. Katika mikusanyo hiyo mtaalamu wa samaki George Boulenger alimtambua samaki mdogo wa miambani, akampa jina la Tropheus moorii mwaka 1898. W. A. Cunnington alifuata mwaka 1904, kisha msafara wa Wabelgiji wa 1946 hadi 1947, ambao mtaalamu wa samaki Max Poll aliutumia kuandika maelezo marefu ya samaki hao.

Moore aliwaona konyeza na konokono wa ziwani wanaofanana na wa baharini, akaamini kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale. Kitabu chake cha 1903, The Tanganyika Problem, kilitetea wazo hilo, na wataalamu wakaja kulikataa. Lita moja ya maji ya ziwa ina chumvi za madini zipatazo gramu 0.6, ilhali ya bahari ina gramu 35. Hata hivyo maji haya si ya kawaida: chumvi zake nyingi huletwa na mto Rusizi kutoka Ziwa Kivu, na pH yake hukaribia 9. Tabia hiyo ya maji ndiyo iliyokuja kuwasumbua wasafirishaji.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini haikuanzisha biashara ya samaki hai. Baada ya safari ya kilomita zipatazo 1,250 hadi Dar es Salaam zilibaki wiki kadhaa za meli, na vyombo vya enzi hizo vilikuwa vibaya. Ndoo na makopo ya mabati yamepakwa zinki, na zinki huyeyuka kidogo kidogo majini. Bomba au koki ya shaba hufanya vivyo hivyo. Madini hayo hushambulia matamvua, samaki akakosa pumzi hata kama hewa majini inatosha. Maji magumu ya Tanganyika hupunguza makali ya sumu hiyo, ila hayaiondoi, na konokono huathirika upesi kuliko samaki. Hata matangi ya maonyesho huko Ulaya yalikuwa vioo vilivyoshikwa kwa fremu za chuma na kuzibwa kwa lakiri, na maji ya chumvi yalizila fremu hizo kwa kutu.

Mambo mawili yaligeuza hali: ndege na plastiki. Polithini iligunduliwa Uingereza mwaka 1933, na kufikia miaka ya 1950 mifuko yake ilikuwa imeanza kuchukua nafasi ya makopo katika usafirishaji wa samaki. Haina kutu, haitoi madini, ni nyepesi, tena gharama ya ndege hupimwa kwa uzito. Kwenye Tanganyika aliyeitumia nafasi hiyo kwa kiwango kikubwa ni Mbelgiji Pierre Brichard, ambaye katika miaka ya 1970 aliuza samaki nje kutoka Bujumbura. Mji huo ulichaguliwa kwa uwanja wake wa ndege; kwa wingi wa samaki, Kigoma haikupungukiwa na kitu. Ufuko wa Ujiji, jirani na Kigoma, ni wa mchanga, lakini kuelekea rasi ya Bangwe miamba hushuka moja kwa moja kwenye maji ya kina, na miamba ndiyo makao ya samaki wanaotafutwa. Vita vya Burundi vya 1993 na vikwazo vya nchi jirani vya Julai 1996 viliifanya Bujumbura kuwa njia isiyotegemeka.

Ufungaji wenyewe unastahili kuangaliwa kwa karibu. Samaki huachwa bila chakula siku moja au mbili ili wasichafue maji. Kisha huwekwa kwenye mfuko wenye maji kiasi cha theluthi, na nafasi iliyobaki hujazwa oksijeni kutoka kwenye mtungi. Samaki wenye miiba mgongoni hutoboa plastiki, kwa hiyo mifuko huwa miwili, pengine na gazeti katikati, ndani ya boksi la povu gumu linalozuia joto na baridi.

Ndani ya mfuko taka ya samaki hugeuka amonia. Kwenye maji ya pH 7 yenye nyuzi 25, sehemu yenye sumu kali haifiki asilimia moja. Kwenye pH 9 huzidi theluthi. Kinachowaokoa samaki safarini ni pumzi zao wenyewe: kaboni dayoksaidi wanayoitoa hushusha pH. Mfuko ukifunguliwa, gesi hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia iliyotulia huwa sumu ghafla. Ndiyo maana mpokeaji mzoefu huwahamisha samaki haraka, na maji ya mfuko huyamwaga.

Kabla ya mfuko kuna matangi ya kungojea safari. Tangi la saruji ni imara na rahisi kujengwa, lakini saruji mpya hutoa chokaa inayopandisha pH zaidi, kwa hiyo hulowekwa na kubadilishwa maji kwa wiki kadhaa kabla ya kupokea samaki. Simtanki na mabomba ya plastiki hayana taabu hiyo. Kwa matangi ya vioo, gundi ya silikoni iliondoa fremu za chuma kuanzia miaka ya 1960. Ile ya bafuni haifai, kwa kuwa mara nyingi huchanganywa na dawa ya kuua ukungu.

Samaki wa kina kirefu, kama Cyphotilapia frontosa, huhitaji pia chombo cha chini ya maji. Akipandishwa ghafla, hewa ya mwilini hutanuka na kumuua. Wapiga mbizi humweka ndani ya kizimba au pipa la plastiki lililotobolewa, wakalivuta juu kwa hatua, mita chache kila mara, kwa siku kadhaa. Pipa la chuma lingefanya kazi ileile kwa muda mfupi, kisha likaanza kupata kutu kamba ikiwa bado nzima.

Leo usafirishaji wa samaki kutoka Tanzania uko chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, inayodai leseni. Samaki wengi wa Tanganyika wanaouzwa Ulaya sasa huzaliwa kwenye matangi hukohuko. Wanaoendelea kuvuliwa ziwani hasa ni wale wenye rangi za mahali pamoja tu, na wafugaji huwaita kwa majina ya mahali hapo, Kigoma na Maswa yakiwemo.