Ukarabati wa nyumba Mji Mkongwe: Mambo ya kuzingatia kabla ya kushika mwiko

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Pamoja na hadhi hiyo, Mji huo ni makaazi ya watu, na nyumba zake huhitaji matengenezo ya mara kwa mara. Baadhi ya kazi hizo mwananchi anaweza kuzifanya mwenyewe, ila zikifanywa kwa vifaa visivyofaa huiharibu nyumba badala ya kuihifadhi.

Kibali kwanza

Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, ndiyo inayosimamia ujenzi katika eneo hilo. Mwenye nyumba anayekusudia kujenga, kubomoa au kukarabati anapaswa kupata kibali cha Mamlaka kabla ya kuanza. Mpangaji aanze kwa mwenye mali, ikiwemo Shirika la Nyumba Zanzibar kwa nyumba za Serikali, au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa nyumba za wakfu. Kazi inayoonekana kuwa ndogo, kama kubadilisha dirisha, nayo iulizwe.

Kwa nini chokaa

Kuta za nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni nene, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, udongo na mchanga. Mawe hayo hunyonya maji ya mvua na unyevu wa ardhini, na chokaa huuacha unyevu huo utoke taratibu. Lipu ya saruji huuzuia. Maji hubaki ndani, chumvi hukusanyika, na baada ya muda lipu hubanduka pamoja na sehemu ya jiwe. Rangi za mafuta na za plastiki huleta athari kama hiyo. Kwa hiyo ukuta wa chokaa hutengenezwa kwa chokaa.

Hatua za kufuata

1. Tafuta chanzo cha maji. Kagua paa, mifereji, mabomba na karo. Kupiga lipu ukuta unaoendelea kuvuja ni kupoteza fedha.

2. Chagua majira. Paa na mifereji itengenezwe kabla ya Masika, yanayoanza mwezi Machi. Kazi ya lipu isubiri mvua ziishe na ukuta ukauke.

3. Ondoa lipu iliyolegea tu, safisha vumbi, kisha lowesha ukuta.

4. Changanya sehemu moja ya chokaa iliyokwishazimwa kwa maji na sehemu tatu za mchanga safi. Usitumie mchanga wa ufukweni kwa kuwa una chumvi.

5. Piga lipu kwa tabaka nyembamba, ukiacha kila moja ishike kabla ya inayofuata. Chokaa hukazana polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, hivyo ikingwe na jua kali na inyunyiziwe maji kwa siku kadhaa.

6. Malizia kwa kupaka chokaa nyepesi mara kadhaa badala ya mkono mmoja mzito.

Chokaa huunguza ngozi na macho. Vaa glavu na miwani, na uwaweke watoto mbali. Chokaa ambayo haijazimwa huchemka inapoguswa na maji. Kazi ya kuizima aachiwe fundi.

Kazi zisizofaa kufanywa peke yako

Boriti za mikoko hubeba dari na pia hushikanisha kuta. Ncha zake zilizomo ukutani ndizo huoza mwanzo, kwa maji au mchwa. Zichome kwa bisibisi; ikizama kwa urahisi, mwite fundi mwenye ujuzi wa majengo ya kale. Usikate boriti, usitoboe mlango mpya, wala usiongeze ghorofa au tangi la maji juu ya paa bila ushauri wa kitaalamu. Nyumba nyingi zimeegemeana, na kosa la mmoja humfikia jirani.

Ufa nao usizibwe kwa haraka. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ukiendelea kurefuka au kupanuka, ondoka katika chumba hicho na uitaarifu Mamlaka.

Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jengo lililo mikononi mwa wataalamu liliweza kuanguka, nyumba ya kawaida nayo inahitaji kukaguliwa kabla ya kuguswa.