Hasara ya Kushinda

Busia, mji wa mpaka wa Kenya na Uganda, imekwisha kuipa Afrika Mashariki istilahi moja kubwa. Miaka ya 1960, vijana wa baiskeli waliovusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda waliita wateja kwa Kiingereza cha njiani, kwamba wanakwenda mpaka hadi mpaka, na mwito wao ukawa bodaboda. Leo neno hilo limo kwenye kamusi na kwenye sheria. Halikutungwa na kamati. Lilitoka kwa watu waliokuwa kazini, likaeleweka papo hapo. Ndiyo sababu nikitafuta Kiswahili cha jambo la kibiashara huanza kwa kujiuliza lingesemwaje Busia, au Malaba ya Tororo, mbele ya mtu mwenye fedha mkononi na mashaka moyoni.

Jambo ninalolitafutia jina ni hili. Kitu kinanadiwa. Thamani yake ni ileile kwa kila mnunuzi, ila hakuna anayeijua kwa hakika. Kila mmoja anakisia. Anayeshinda ni yule aliyekisia juu kuliko wote, na aliyekisia juu kuliko wote kwa kawaida amepita thamani yenyewe. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta wa Marekani, Capen, Clapp na Campbell, waliandika juu ya hali hii baada ya kuona kwamba kampuni zilizoshinda vitalu katika Ghuba ya Mexico zilikuwa zikipata faida ndogo kuliko zilivyotarajia. Jina walilolizoea wanauchumi tangu hapo, likifasiriwa neno kwa neno, ni laana ya mshindi. Mimi silikubali jina hilo kwa Kiswahili. Lakini kwanza tuyapange maneno yanayolizunguka, maana haya tunayo tayari, tena mengi.

Kunadi ni kuita, na mnada ni mauzo ya kuita bei. Tanzania neno limepanuka: watu wakisema wanakwenda mnadani huenda wanakwenda gulio la siku maalumu, kula nyama choma na kununua nguo. Dalali naye ana sura mbili. Dar es Salaam mara nyingi ni mtu anayekutafutia chumba cha kupanga. Kenya ni yule anayekuja kuchukua makochi kwa ajili ya deni, na kazi yake ina sheria maalumu ya mwaka 1996. Yapo pia yasiyosahaulika: hadi mwaka 1873 binadamu walinadiwa sokoni Zanzibar, pale Mkunazini. Kwa maelezo ya kitaalamu napendelea anayeendesha mnada aitwe mnadi, tumwachie dalali mizigo yake. Bei anayotaja mnunuzi ni dau. Ikiandikwa na kufungwa kwenye bahasha, ni zabuni. Bei ikianzia chini na kupanda, ni mnada wa kupanda. Ikianzia juu na kuteremka hadi mtu aseme basi, ni mnada wa kushuka, kama ule wa saa kubwa ya Aalsmeer, Uholanzi, ambako waridi za Naivasha huuzwa.

Mpakani minada si hadithi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaagiza kwamba mali iliyokaa katika ghala la forodha bila kuondolewa kihalali itangazwe, na siku 30 zikipita tangu tangazo iuzwe kwa mnada wa hadhara. Anayenunua humo anaweza kutazama mali kabla ya siku yenyewe, lakini kutazama gari lililolala juani miezi mingi si sawa na kuliwasha na kulipeleka Bungoma na kurudi. Na wapo wafanyabiashara wa mitumba, upande wa Uganda na upande wa Kenya, wanaonunua robota likiwa limefungwa kwa mikanda. Ndani kunaweza kuwa na mashati ya daraja la kwanza, kunaweza kuwa na matambara. Robota lenyewe huuzwa kwa bei ya kutajwa, si kwa mnada, lakini kitendawili ni kilekile: unalipia kisichoonekana.

Sasa tuseme robota kama hilo linanadiwa. Nguo zilizomo zitaleta shilingi 100,000, ila hakuna anayejua. Wanunuzi watano wazoefu wanakisia: 70,000, 85,000, 100,000, 115,000 na 130,000. Ukiyajumlisha makisio hayo na kugawa kwa tano unapata 100,000 kamili, yaani kwa pamoja hawajakosea hata shilingi. Lakini robota haliendi kwa kundi, linakwenda kwa mmoja. Wakiandika zabuni kwa kadiri walivyokisia, wa 130,000 anashinda na kupoteza 30,000. Wakishindana kwa sauti, yeye huyohuyo anashinda mara tu wa 115,000 anaponyamaza, analipa kidogo zaidi ya hapo, na hasara inapungua karibu nusu. Tena katika mnada wa sauti aliona wa kwanza akijitoa, na wa pili, na wa tatu. Kila anayejitoa anampa habari: sisi tumeona thamani ndogo kuliko unayoiona wewe. Mwenye masikio hushusha kisio lake palepale. Bahasha haikupi nafasi hiyo. Kwa hiyo tofauti ya mnada na zabuni si ya kamusi tu, inagusa mfuko.

Mwaka 1983 watafiti Bazerman na Samuelson walijaribu jambo hili darasani kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara huko Boston. Waliwapa mitungi yenye vitu ambavyo thamani yake ilikuwa dola 8, bila kuwaambia idadi, wakawataka wakisie na watoe zabuni. Wastani wa makisio ulikuwa dola 5.13, chini kabisa ya ukweli. Wastani wa dau lililoshinda ulikuwa dola 10.01. Kundi lilikuwa na woga, na bado mshindi alilipa zaidi ya dola 2 juu ya thamani.

Hapa ndipo michezo ya mezani inapoingia, na naipenda kwa moyo wote kwa sababu inafundisha hili bila mtu kupoteza mtaji wa watoto. Sisi tuna bao, Waganda wana omweso, Wajaluo wana ajua. Ni michezo ya hesabu iliyo wazi: kete zote mnaziona, na anayehesabu mbali zaidi hushinda. Mchezo wa mnada una uwazi wa namna nyingine. Kadi iko mezani, wote wanaiona, lakini kanuni hazisemi inauzwa kiasi gani. Bei mnaiweka ninyi wachezaji. Kwa hiyo unachokisoma si ubao peke yake, ni uso wa mwenzako, fedha aliyobakiza, na haraka yake ya kujibu. Na hakuna anayesinzia akingoja zamu, maana kila kitu kinachouzwa ni zamu ya wote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Modern Art, mchezo wa mwaka 1992 wa Mjerumani Reiner Knizia, mtu mwenye shahada ya udaktari wa hisabati. Wachezaji wanauziana picha za wachoraji watano. Duru ya kwanza ikiisha, mchoraji aliyetolewa picha nyingi zaidi, kila picha yake hununuliwa na benki kwa 30. Wa pili 20, wa tatu 10. Waliobaki hawapati kitu. Thamani, basi, inatokana na mnada wenyewe: mkimshabikia mchoraji anapanda, mkimsahau anakufa na picha zako mkononi. Anayeanza hudhani ushindi ni kununua. Anatoa 25 kwa picha itakayoleta 30 na kufurahi. Kweli amepata 5. Lakini zile 25 zimekwenda kwa mchezaji mwenzake aliyeinadi. Michezo michache inatosha kumwonyesha mtu kwamba aliyetulia akiuza mara nyingi huondoka na kingi kuliko aliyeshangilia akinunua. Waliofanya biashara sokoni Busia hawahitaji kuambiwa hili mara mbili.

Knizia huyohuyo alitoa High Society mwaka 1995, ambamo watu wanagombea vitu vya anasa. Mwisho wa mchezo, aliyebaki na fedha kidogo kuliko wote anaondolewa kabla ya hesabu, hata kama ana majumba na vito vyote. Sijui kanuni nyingine inayosema kwa ufupi namna hii tunachozungumzia.

Dawa ya hasara hii, kwenye biashara halisi, ni kupunguza giza. Chai ya Uganda huvuka Malaba na Busia kwenda Mombasa, kwenye mnada ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969. Kabla ya mnada, wanunuzi hupata sampuli, huitia maji ya moto, huionja na kuitema, fungu baada ya fungu. Kwa wasiojua huonekana ni mbwembwe. Kumbe makisio ya watu walioonja chai moja hukaribiana, na makisio yakikaribiana, anayeshinda hawi mbali na ukweli. Robota lililofungwa halina kijiko cha kuonjea, ndiyo maana mnunuzi mwerevu hushusha dau lake kabla ya kulitaja. Dawa ya pili ni kujiuliza mapema: nikishinda, nitakuwa nimejua nini? Nitakuwa nimejua kwamba wenzangu wote wameona thamani ndogo kuliko yangu. Basi dau lihesabiwe kana kwamba habari hiyo imekwisha kunifikia. Wakiwa wengi zaidi, lishuke zaidi, ingawa moyo wa mshindani hutaka kinyume chake.

Turudi kwenye jina. Kwa Kiswahili laana ina mwenyewe. Hutoka kwa mzazi aliyeudhiwa, kwa mzee, au kwa Mungu, na humwondoka mtu kwa kuomba radhi. Mfanyabiashara ukimwambia amepatwa na laana ya mshindi, unamtuma akamtafute aliyemlaani, naye hayupo. Unamficha pia habari njema kuliko zote, kwamba jambo hili lina hesabu na linaepukika. Hasara, kwa upande mwingine, ni neno la kila siku pande zote mbili za mpaka, linaingia daftarini, linapungua na kuongezeka. Nilifikiria hasara ya mshindi, lakini mshindi anaweza kupata hasara kwa mengi: mvua, wizi, ushuru. Tunachotaka kutaja ni hasara inayozaliwa na tendo lenyewe la kushinda. Kwa hiyo pendekezo langu ni hasara ya kushinda, na maana yake iandikwe hivi: hasara inayompata mnunuzi kwa sababu amekisia thamani juu kuliko washindani wake wote.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa Tororo na Busia watahitaji masomo ambayo mwanafunzi anayaona mtaani kwao. Nawaomba wajaribu moja: wajaze chupa sarafu za Kenya na za Uganda zilizochanganywa, waziuze darasani kwa zabuni za karatasi, kisha wahesabu mbele ya wote. Jina la jambo walitoe baada ya kuhesabu, wala wasilitoe kabla.