Waridi Dogo na Ardhi Ndogo

Katika miji midogo iliyo kando ya reli ya Kitale, kama vile Moi's Bridge, kiwanja cha nyumba aghalabu hakizidi hatua chache. Nafasi inayobaki baada ya nyumba na jiko hupewa sukuma wiki, na hakuna mwenye akili awezaye kulilaumu jambo hilo. Walakini mbele ya mlango, katika kopo la rangi au karai lililotoboka, mara nyingi lipo ua. Na pengine mmea huo ni mwaridi mfupi usiofika goti la mtu, wenye maua madogo mfano wa kifungo cha koti. Miwaridi mikubwa ilitunzwa na wenye ardhi, na habari zake zimejaa vitabuni. Mwaridi mdogo ulitunzwa kwa muda mrefu na watu wasio na bustani, na historia yake yastahili kusomwa na kila mtu akaaye kando ya mto Nzoia.

Mwaridi si mwenyeji wa Kenya. Miwaridi yote ya mwitu asili yake ni nusu ya kaskazini ya dunia, na kusini mwa Sahara upo mmoja tu uotao wenyewe, katika milima ya Uhabeshi na nchi zilizo jirani. Neno waridi tumelipata kwa Waarabu, na watu wa pwani walilijua ua hilo zaidi kwa harufu yake, katika maji ya marashi yanyunyizwayo arusini. Huko Oman, katika Jabal Akhdar, wakulima wenye vijishamba vyembamba vya ngazi mlimani huchuma mawaridi alfajiri, mwezi wa Aprili, na kuyachemsha ili kupata maji hayo. Bara, mmea wenyewe uliingia kwa mlango mwingine.

Mlango huo kwetu ulikuwa daraja. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwindaji wa Kizungu, jina lake Arthur Cecil Hoey, alitengeneza daraja juu ya mto Nzoia, na mahali hapo pakaitwa Hoey's Bridge mpaka baada ya uhuru, ndipo pakapewa jina la Daniel arap Moi. Mwaka 1919, vita kuu ya kwanza ilipokwisha, serikali ya kikoloni iligawa mashamba kwa askari wa Kizungu waliorudi vitani, na Trans Nzoia ikawa miongoni mwa sehemu zilizogawiwa. Nchi hiyo haikuwa tupu; ilikuwa malisho ya wafugaji, wakiwamo Wasabaot, ambao hawakuulizwa neno. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Mwenye shamba la eka elfu hakuona hasara kutenga eka moja kwa nyasi na maua, na mwaka 1934 kilipigwa chapa kitabu kizima juu ya bustani za Afrika ya Mashariki, kilichohaririwa na A. J. Jex-Blake. Lakini aliyechimba mashimo, akabeba samadi na kupogoa matawi, alikuwa mtumishi Mwafrika. Yeye alikaa shambani kwa ruhusa ya mwenye shamba, na ruhusa ilipokwisha aliondoka. Mtu wa namna hiyo hapandi mwaridi wa kukaa miaka ishirini.

Tena mwaridi mkubwa wataka zaidi ya nafasi. Aghalabu huota vema ukibebeshwa juu ya shina la mwaridi mwingine wenye mizizi hodari, na kubebesha ni kazi ya fundi. Basi mmea huo ulikuwa na kufuli mbili: ardhi na ufundi.

Sasa tuuangalie mwaridi mdogo. Asili yake ni Uchina, ambako miwaridi ililimwa karne nyingi kabla ya kujulikana Ulaya. Mwishoni mwa karne ya 18, kati ya mwaka 1792 na 1793, merikebu za biashara zilifikisha Uingereza miwaridi ya Kichina yenye sifa moja kubwa. Miwaridi mingi ya Ulaya ilichanua mara moja kwa mwaka na kunyamaza. Hii ya Uchina ilichanua, ikapumzika kidogo, ikachanua tena. Msomaji wa Moi's Bridge asiipite sifa hiyo upesi. Mwaridi wa zamani wa Ulaya huingoja baridi kali ya majira ili upate kutoa maua, na kwetu baridi hiyo haipo. Mwaridi wenye damu ya Uchina haungoji majira, nao huchanua hapa karibu na ikweta mwaka mzima.

Miongoni mwa wageni hao ilikuwapo mifupi sana. Mapema katika karne ya 19 ilipendwa mno, ikauzwa katika vyungu London na Paris. Kisha watu wenye bustani wakaichoka, kama ilivyo ada ya mitindo, nayo ikasahauliwa hata wataalamu wakadhani imetoweka. Haikutoweka. Katika miaka ya vita kuu ya kwanza, ofisa mmoja wa jeshi la Uswisi, Roulet, aliona katika kijiji cha mlimani kiitwacho Mauborget vijimwaridi vya kimo cha sentimita 5 hivi, vikiota katika vyungu madirishani. Wenyeji walisema vimekuwako kwao kwa muda wa miaka mia. Roulet akamwambia rafiki yake Henri Correvon, mtaalamu wa mimea wa Geneva. Correvon alipokwenda kuvitafuta alikuta kijiji kimeungua moto, na vyungu vimekwenda na nyumba. Lakini katika kijiji cha Onnens, chini ya mlima, mmea wa namna ile ile ulipatikana ukiwa hai. Correvon akakata vipandikizi, akavikuza, akauita mwaridi huo kwa jina la Roulet. Mimi naona kwamba heshima ya jina ingewafaa zaidi wale wanawake wa dirishani, ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Jan de Vink wa Boskoop, Uholanzi, aliuzalisha mwaridi wa Roulet pamoja na mwingine, na mtoto wao akauzwa Marekani mwaka 1936 kwa jina la Tom Thumb. Pedro Dot alifanya kazi kama hiyo Hispania. Aliyewapita wote ni Ralph Moore wa Visalia, California, aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki mwaka 2009, ambaye alitoa aina nyingi mno za miwaridi midogo, ya rangi karibu zote isipokuwa buluu.

Kwetu, wakati huo, ardhi yenyewe ilikuwa ikibadili kimo. Kuanzia mwaka 1962 mashamba makubwa ya Wazungu yalianza kununuliwa na kugawanywa katika mpango wa eka milioni moja, na mengine yakanunuliwa na vyama na makampuni ya wananchi. Bustani nyingi za maua ziligeuka mahindi, na ilikuwa haki zigeuke. Mwaka 1964 ilitolewa mbegu ya mahindi ya Kitale iitwayo Hybrid 611, na mavuno yakaongezeka sana. Baadaye baba aligawia wana, na wana wakagawia wana wao, hata eka zikawa robo eka, na robo eka ikawa kiwanja.

Hapa pana tofauti ya kuangaliwa. Mahindi ya Hybrid 611 hayafai kuwekwa mbegu, kwa kuwa watoto wake hawafanani na mama. Mkulima hurudi dukani kila mwaka na fedha mkononi. Mwaridi mdogo husimama juu ya mizizi yake mwenyewe, haubebeshwi. Kata tawi lililokwisha kuchanua, urefu wa kidole, lenye macho matatu au manne. Ondoa majani ya chini, lichomeke katika mchanga wenye unyevu, uliweke kivulini. Baada ya wiki tano au sita lina mizizi, nao mmea huo ni mama yule yule. Kufuli zote mbili zimefunguliwa.

Malezi yake si magumu, lakini hayataki uvivu. Kopo liwe na kina cha sentimita 15 au 20, na litobolewe chini, kwa maana mizizi ikikaa majini huoza. Changanya udongo, samadi iliyokwisha kuoza, na mchanga kidogo. Liwekwe mahali penye jua lisilopungua saa sita kwa siku. Maji yatiwe asubuhi, yaende kwenye udongo, yasimwagwe juu ya majani. Majani yakilala na maji hushikwa na madoa meusi ya ukungu, kisha hupukutika. Katika mvua nyingi za Trans Nzoia yafaa kopo lisogezwe upenuni, na katika kiangazi litazamwe kila siku, kwa kuwa udongo wa kopo hukauka upesi kuliko wa shamba. Ua lililonyauka likatwe, ili mmea utoe jingine. Vidukari wakionekana kwenye machipukizi, waondoshwe kwa maji ya sabuni hafifu.

Kenya ya leo yauza ng'ambo mawaridi mengi sana ya mashina marefu, yaliyolimwa Naivasha na kwingineko, hata miteremkoni mwa mlima Elgon, nayo husafirishwa kwa ndege kabla hayajafunuka. Wengi wanaoyachuma hukaa katika vyumba vya kupanga. Mpangaji hawezi kupanda mti katika ua wa mwenye nyumba na kutumaini kuurithisha, lakini kopo ni lake. Siku ya kuhama, vyombo vikiisha kupangwa juu ya mkokoteni, kopo la mwaridi hutiwa mwisho, juu ya godoro, na mtoto mmoja huambiwa alishike. Mara nyingi jirani anayebaki amekwisha kuomba kijiti chake.