Njia Katika Ardhi ya Mtu: Kuanzia Mfereji wa al-Dhahhak Hadi Nyaya za Umeme

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, miongoni mwa mambo wanayoulizwa sana maimamu wetu wa vijijini zama hizi ni suala la njia. Mtu ana shamba la minazi au mikorosho alilorithi kwa babu yake. Siku moja wanafika watu na vigingi, wanapima, wanatia rangi miti yake, na anaambiwa kwamba hapa itapita barabara, au hapa zitapita nyaya za umeme mkubwa, na kuanzia leo usijenge wala usipande mti mrefu. Akimwendea imamu wake, mara nyingi hupata jibu moja kati ya mawili. Imamu wa kwanza humwambia asubiri na atii, kwani Sayyidna Umar (r.a.) alipitisha maji kwa nguvu katika ardhi ya Sahaba. Imamu wa pili humsomea Hadithi ya mwenye kudhulumu shubiri moja ya ardhi, kwamba Siku ya Kiyama atavishwa shingoni ardhi saba, kisha humwambia asikubali kamwe. Kila mmoja ana dalili yake, na kila mmoja amekisoma kisa nusu. Makusudio ya makala hii ni kuvirejea visa vyenyewe kwa utaratibu wake katika tarehe.

Tuanze na Msikiti wa Mtume (s.a.w.) wenyewe. Alipofika Madina, kiwanja alichokusudia kujenga msikiti kilikuwa mali ya mayatima wawili wa Bani Najjar, Sahl na Suhail. Riwaya zimo katika Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliwataka Bani Najjar wamtajie bei. Wao wakasema hawataki thamani yake ila kwa Allah. Katika riwaya nyingine imekuja kwamba mayatima wale walitaka kukitoa zawadi naye akakataa mpaka akakinunua. Zingatia, ndugu msomaji. Haja ilikuwa kubwa, mwombaji alikuwa Mtume wa Allah, na jengo lilikuwa msikiti, na bado jambo lilianza kwa kutajiwa bei.

Sasa tuje kwenye kisa cha mfereji, ambacho Imam Malik amekipokea katika Muwatta. Al-Dhahhak bin Khalifa alichimba mfereji kutoka al-Uraydh, bonde lililo karibu na Madina, na haukuwa na njia ila kupitia ardhi ya Muhammad bin Maslama. Huyu hakuwa mtu wa kubezwa. Alikuwa miongoni mwa watu wa Badri, na Umar mwenyewe alikuwa akimtuma kuwakagua magavana wake. Muhammad akakataa. Al-Dhahhak akamuuliza kwa nini anamzuilia jambo lenye manufaa kwa wote wawili, kwani atanywesha shamba lake kwa maji hayo mwanzo na mwisho, na halimdhuru kitu. Akashikilia kukataa. Walipofika kwa Umar, naye alimuuliza swali lile lile, akakataa tena, ndipo Umar akaapa kwamba mfereji utapita hata kama ni juu ya tumbo lake, na ukapita.

Neno la tumbo ndilo linalokumbukwa mimbarini, lakini hukumu haikukaa katika neno hilo. Imekaa katika maneno mawili ya kabla yake, kwamba njia ile inamnufaisha mwenye ardhi na kwamba haimdhuru. Muhammad bin Maslama hakupoteza mtende, wala hakuhamishwa, wala hakukatazwa kulima, na juu ya yote hayo alipata maji ya bure. Kisa cha pili katika Muwatta kinafanana na hicho. Abdur-Rahman bin Auf (r.a.) alikuwa na kijito kinachopita katika bustani ya mtu, akataka kukihamishia upande mwingine wa bustani ile ile ulio karibu zaidi na ardhi yake. Mwenye bustani akazuia, na Umar akahukumu kwamba kihamishwe. Hapo njia ilikuwapo tangu awali, kilichobadilika ni mahali pake tu.

Hata hivyo wanavyuoni hawakuafikiana juu ya kuichukulia hukumu hii. Wanafunzi wa Malik wamepokea kwake kauli zinazotofautiana, wengine wakisema aliifanyia kazi na wengine wakisema hakuifanyia. Kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya mwambao wetu, jambo ni zito zaidi. Iko Hadithi sahihi ya Abu Huraira (r.a.) inayomkataza jirani asimzuie jirani yake kuweka boriti katika ukuta wake. Kauli ya zamani ya Imam Shafi ilikuwa kwamba hilo ni wajibu. Kauli yake mpya, nayo ndiyo iliyotegemewa, ni kwamba hakuna kuweka ila kwa ridhaa ya mwenye ukuta, na Hadithi inabeba maana ya kupendekezwa. Kwa hiyo imamu wa Kishafi anayemtolea mkulima hoja ya mfereji ajue kwanza ameingia katika uwanja wenye hitilafu.

Upande wa pili wa mizani kuna kisa cha Samura bin Jundub, alichokitaja Abu Daud. Samura alikuwa na mtende ndani ya bustani ya mtu wa Ansari, akawa anaingia kuuhudumia na kuingia kwake kunamkera mwenye bustani na ahali zake. Mtume (s.a.w.) alimtaka auuze, akakataa. Alimtaka abadilishane, akakataa. Akamtaka autoe zawadi na akamtajia malipo ya Akhera, akakataa. Ndipo akamwita mdhuru watu, na akamwamrisha yule Ansari aung'oe. Wanahadithi wamesema juu ya isnadi yake, lakini maana yake inakubaliana na ile kanuni mashuhuri ya kutodhuru na kutolipiza dhara kwa dhara. Mafundi wanaoingia mashambani kila mara kufyeka chini ya nyaya bila hodi, na wanawake wako ndani, wangefaa kusomewa kisa hiki.

Hayo ni mambo ya mtu na jirani yake. Ama mtawala anapoitaka ardhi kwa ajili ya umma, tarehe imetuwekea matukio mawili ya mwaka wa 17 Hijria, yote ya Sayyidna Umar, na yanaonekana kama yanapingana.

La kwanza ni la Madina. Umar alitaka kuupanua Msikiti wa Mtume (s.a.w.), na nyumba ya al-Abbas (r.a.) ilikuwa njiani. Al-Abbas akakataa kuuza. Kwa riwaya zinazopatikana katika Tabaqat ya Ibn Saad, Khalifa hakutuma askari. Walikwenda kuamuliwa na Ubayy bin Kaab, naye akahukumu dhidi ya Khalifa, akitegemea habari ya Nabii Daud (a.s.) na nyumba iliyokuwa katika kiwanja cha Baitul-Maqdis. Umar alipokubali kushindwa, al-Abbas akaitoa nyumba yake sadaka kwa Waislamu.

La pili ni la Makka. Mafuriko makubwa yaliingia katika Haram mwaka huo, na nyumba zilikuwa zimeibana Kaaba pande zote. Umar alizinunua na kuzibomoa. Wapo waliokataa kuuza, akazibomoa na zao, na thamani yake akaiweka katika hazina ya Kaaba mpaka walipokuja wenyewe kuichukua. Al-Azraqi, mwanahistoria wa Makka, anataja kwamba Umar aliwaambia kuwa wao ndio walioishukia Kaaba, na ule ulikuwa ua wake, wala Kaaba haikuwashukia wao. Mwaka wa 26 Hijria Sayyidna Uthman (r.a.) alifanya upanuzi mwingine kwa njia hiyo hiyo. Watu wakapiga kelele, akawaambia kwamba upole wake ndio uliowatia ujasiri, kwani Umar aliyafanya hayo na hakupigiwa kelele. Akawafunga mpaka walipoombewa.

Namna ya kuyaoanisha ni hii, kwa jinsi ninavyoona. Nyumba ya al-Abbas ilikuwa milki isiyo na shaka na haja ilikuwa ya kupanua. Nyumba za Makka zilikuwa zimejengwa katika hifadhi ya Kaaba, na dhara lilikuwa limeshawafika mahujaji. Lakini angalia kwamba hata hao walioambiwa wamevamia ua walilipwa thamani, na aliyekataa kuipokea aliwekewa amana. Jambo hili linatugusa moja kwa moja. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, kwa hoja kwamba zimo ndani ya hifadhi ya barabara ya mita 121.5 kutoka katikati. Siingii katika kesi za watu. Ninachosema ni kwamba hoja ya uvamizi ilikuwapo pia Makka na haikuiangusha fidia. Tena mafakihi wetu wamesema kwamba hifadhi, yaani harim, huthibiti katika ardhi isiyokuwa na mwenyewe, na nyumba iliyozungukwa na milki za watu haina harim. Kwa hiyo swali la kwanza la kadhi lingekuwa, nani alitangulia, njia au nyumba? Ama upana wa njia, Hadithi ya Bukhari na Muslim imeweka dhiraa saba pale watu wanapohitilafiana, karibu mita tatu na nusu, kwani hayo yaliwatosha ngamia wenye mizigo. Malori yanahitaji zaidi, hakuna anayekataa, lakini kila mita iliyozidi ina mwenyewe.

Kanuni hii ya malipo iliandikwa kwa lafudhi ya sheria katika Majalla ya dola ya Othmania, iliyotungwa kati ya 1869 na 1876. Kifungu chake cha 1216 kinaruhusu milki ya mtu kuchukuliwa kwa thamani yake kwa amri ya Sultani na kuunganishwa na barabara panapokuwa na haja, na kinazuia isitolewe mkononi mwake kabla ya kulipwa. Miaka kama ishirini baadaye, reli ya kutoka Mombasa ilipokuwa ikijengwa mwishoni mwa miaka ya 1890, Waingereza walileta Afrika Mashariki sheria ya India ya 1894 ya kutwaa ardhi, na nje ya milki ya Sultani wa Zanzibar wakajichukulia maili moja kila upande wa njia. Kulinganisha sheria mbili hizi ni kazi ninayomwachia mwanafunzi wa tarehe.

Mwezi wa Februari 1988, Akademia ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Jeddah katika kikao chake cha nne na kutoa uamuzi nambari 29. Iliharimisha kutwaa ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma ila kwa masharti: fidia ya haki, ya papo hapo, isiyopungua bei ya soko, mtwaaji awe mtawala au naibu wake, na manufaa yawe ya dharura au haja iliyofikia daraja la dharura, kama misikiti, barabara na madaraja. Ardhi isiishie kuwa mtaji wa kibiashara, wala isitwaliwe kabla ya wakati wake. Haja ikiondoka, mwenyewe au warithi wake ndio wa kwanza kurejeshewa kwa thamani ya haki.

Sasa nyaya za umeme. Hapa watu husema kwamba waya haujachukua ardhi, umepita hewani tu. Lakini hewa katika fiqhi ina mwenyewe. Al-Qarafi katika al-Furuq ameeleza kwamba hukumu ya hewa hufuata hukumu ya kilicho chini yake, hata hewa ya wakfu ni wakfu. Tawi la mti likining'inia juu ya uwanja wa jirani, jirani ana haki ya kutaka liondolewe. Kweli, Mashafi hawajuzishi kuuza hewa peke yake, kwa hiyo anayelipwa asidhani ameuza anga. Analipwa kwa alichozuiliwa chini, na hicho si kidogo. Nchini Kenya mkuza wa nyaya za kilovolti 400 una upana wa mita 60. Ukikata shamba lenye urefu wa mita 200, umekula karibu eka tatu. Mwenyewe hubaki na hati na haruhusiwi kujenga wala kupanda mwembe. Haya ni kumbakishia mtu jina la milki na kumwondolea manufaa yake, na manufaa kwa Mashafi ni mali yenye kudhaminiwa.

Turejee kwenye masharti mawili ya mfereji. Je, unamnufaisha? Mara nyingi umeme mkubwa hupita juu ya kijiji kwenda mjini, na mwenye shamba anawasha kibatari chini ya nguzo. Al-Dhahhak alimpa jirani yake maji mwanzo na mwisho. Je, haumdhuru? Ikikatwa mikorosho iliyozaa miaka 20, jibu linajulikana. Basi hukumu ya mfereji haitumiki hapa, na tunabaki na hukumu ya Makka, ambayo ni thamani kwanza. Sheria za nchi zetu hazipingi hili. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 40, inataka vivyo hivyo. Kanuni za Tanzania za 2001 zimeongeza riba kwa malipo yanayochelewa zaidi ya miezi sita. Muislamu akiulizia riba hiyo lina mjadala wake, na laiti wangelipa kwa wakati tusingehitaji kuujadili.

Linabaki jambo moja linalowahusu maimamu na kamati za misikiti wenyewe. Mashamba mengi ya mwambao ni wakfu. Barabara ikilikata shamba la wakfu na fidia ikalipwa, fedha ile si mapato ya msikiti. Madhehebu yetu yanasema kwamba thamani ya wakfu ulioharibiwa hununuliwa mfano wake, ukawa wakfu mahali pake, kwa masharti yale yale ya mwenye kuweka wakfu. Fedha hiyo haipakwi rangi ukutani, hailipiwi bili, wala hainunuliwi mazulia. Itafutwe ardhi nyingine, hata ikiwa ndogo, iandikwe kwa jina la wakfu mbele ya mashahidi, na hati yake ihifadhiwe pamoja na karatasi za fidia ili wajukuu wajue shamba lao lilihamia wapi.

Wallahu aalam.