Kumbo, Kadi na Kichwa: Historia ya Usalama wa Mchezaji wa Soka

Soka ni mchezo wa kugusana. Sheria zake hazijawahi kukataza bega kukutana na bega wachezaji wawili wanapogombea mpira. Kazi zilizoifanya kwa zaidi ya miaka 160 ni kuamua mguso upi ni wa mchezo na upi ni wa kumwumiza mtu. Mpaka huo umesogezwa mara nyingi, na karibu kila mara uliposogezwa, palikuwa na mchezaji aliyekwisha kuvunjika mbele ya maelfu ya watazamaji, na palikuwa na watu wenye heshima zao waliodai kwamba mchezo unaharibiwa.

Ubishi huo ulianza siku sheria zilipoanza kuandikwa. Tarehe 26 Oktoba 1863 wawakilishi wa klabu kadhaa za London na vitongoji vyake walikutana katika baa ya Freemasons' Tavern wakaunda Chama cha Soka, FA. Kila mmoja alikuja na desturi alizozikuta shuleni. Wengine walizoea kukimbia na mpira mikononi, wengine kuuchezea miguuni tu. Jambo lililowagawa zaidi lilikuwa teke la ugoko: katika baadhi ya shule, mchezaji aliruhusiwa kumpiga mpinzani mateke ya ugoko ili kumzuia, na kuyavumilia kulihesabiwa kuwa ndio uanaume. Ebenezer Cobb Morley, mwanasheria aliyekuwa katibu wa chama, alishikilia kwamba mtu mzima mwenye kazi yake hatakubali kucheza mchezo wa namna hiyo. Francis Maude Campbell wa klabu ya Blackheath alijibu kwamba kuyaondoa mateke ni kuung'oa ujasiri wote wa mchezo, na kwamba hata Wafaransa wangeweza kuwafunga Waingereza kwa mazoezi ya wiki moja.

Morley alishinda. Sheria 13 zilizokamilishwa Desemba mwaka huo zilikataza teke la ugoko, mtama, na kumshika au kumsukuma mpinzani kwa mikono. Ya mwisho ilipiga marufuku viatu vyenye misumari iliyochomoza au vibati vya chuma. Blackheath walijitoa, na mwaka 1871 walikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha raga cha Uingereza. Nao hao wa raga, walipoandika sheria zao, waliliondoa teke la ugoko. Hoja ya uanaume haikudumu hata miaka kumi.

Kilichobaki halali ni kumbo. Mchezaji aliweza kumsukuma mwenzake kwa bega, na kwa nguvu, mradi asitumie mikono wala miguu. Mateke yaliyokatazwa hayakuisha kwa kukatazwa, na ndiyo maana Sam Weller Widdowson wa Nottingham Forest, aliyekuwa pia mchezaji wa kriketi, alizipunguza pedi zake za kriketi mwaka 1874 akazifunga juu ya soksi. Hivyo ndivyo vikinga ugoko vilivyoingia uwanjani; kuvaa vikinga hivyo hakukuwa lazima kisheria hadi mwaka 1990. Mwaka 1885 FA iliruhusu wachezaji kulipwa, na kuanzia hapo mguu uliovunjika ulikuwa riziki iliyokatika. Jambo hilo lilipaswa kuharakisha ulinzi wa wachezaji. Badala yake, fedha ziliongeza hamu ya kushinda, na beki alijua kwamba kumwangusha mshambuliaji mbele ya goli kulimgharimu mpira wa adhabu tu. William McCrum, golikipa kutoka kijiji cha Milford huko Ireland, ndiye aliyependekeza adhabu kali zaidi. Waungwana wa London walichukizwa na wazo kwamba mchezaji anaweza kufanya rafu kwa makusudi, lakini Juni 1891 penalti iliingia katika sheria.

Golikipa mwenyewe ndiye aliyekuwa na ulinzi mdogo kuliko wote. Kwa miongo mingi ilikuwa halali nchini Uingereza kumpiga kumbo akiwa ameshika mpira, hata akatumbukia nao wavuni na bao likahesabiwa. Naye alikuwa na desturi ya kujitupa miguuni mwa washambuliaji. Tarehe 5 Septemba 1931, katika uwanja wa Ibrox mjini Glasgow, John Thomson wa Celtic alijitupa mbele ya Sam English wa Rangers. Kichwa chake kikagongana na goti la English na fuvu likapasuka. Alifariki usiku huohuo akiwa na umri wa miaka 22. Uchunguzi uliona kuwa ilikuwa ajali, na English hakulaumiwa. Februari 1936 Jimmy Thorpe wa Sunderland, naye wa miaka 22, alifariki siku chache baada ya kupigwa mateke akiwa ameukumbatia mpira katika mechi dhidi ya Chelsea. Alikuwa mgonjwa wa kisukari, lakini ilionekana kwamba vurugu za mechi ile zilikiharakisha kifo chake. Baada ya hapo sheria ilikataza kumwinulia mguu golikipa aliyeshika mpira. Kumbo la bega lilibaki.

Fainali tatu mfululizo za Kombe la FA zinaonyesha gharama yake. Mwaka 1956 Bert Trautmann, Mjerumani aliyeidakia Manchester City, aligongana na Peter Murphy wa Birmingham City zikiwa zimebaki dakika 17. Alimaliza mechi akiwa ameshika shingo, timu yake ikashinda 3-1, na siku chache baadaye picha ya eksirei ikaonyesha kwamba shingo hiyo imevunjika. Mwaka 1957 Peter McParland wa Aston Villa alimvamia Ray Wood wa Manchester United katika dakika ya sita na kumvunja mfupa wa shavu. Beki Jackie Blanchflower akavaa jezi ya golikipa, na McParland huyohuyo akafunga mabao yote mawili ya ushindi wa 2-1. Mwaka 1958 Nat Lofthouse wa Bolton alimsukuma Harry Gregg, golikipa wa United, hadi ndani ya wavu pamoja na mpira, na mwamuzi akalikubali bao. Katika bara la Ulaya na Amerika Kusini mguso wa namna hiyo ungeitwa rafu; Waingereza waliuona kuwa sehemu ya mchezo wao, na kadiri mechi za kimataifa zilivyoongezeka ndivyo walivyolazimika kuuacha.

Habari ya Trautmann husimuliwa kama hadithi ya ushujaa, na kweli mtu yule alikuwa shujaa. Lakini hakuwa na hiari. Wachezaji wa akiba hawakuruhusiwa, na aliyetoka aliiacha timu yake pungufu. Ndiyo maana majeruhi walisukumwa pembeni mwa uwanja wachechemee hadi kipenga cha mwisho, wakizidi kuumia. Ligi ya Uingereza iliruhusu mchezaji mmoja wa akiba, kwa ajili ya majeruhi tu, kuanzia msimu wa 1965/66. Kombe la Dunia lilingoja hadi 1970. Hakuna mabadiliko mengine yaliyookoa miili mingi kwa gharama ndogo kama haya, na ni ajabu kwamba yalichukua zaidi ya karne nzima.

Miaka ileile ya 1960 ilidhihirisha udhaifu mwingine: mwamuzi alikuwa na mamlaka, lakini hakuwa na lugha. Tarehe 2 Juni 1962, Chile na Italia zilikutana mjini Santiago katika mechi iliyojaa ngumi na mateke. Waitaliano wawili, Giorgio Ferrini na Mario David, walifukuzwa, na ilibidi polisi waingie kumtoa Ferrini. Leonel Sánchez wa Chile, aliyemvunja pua Humberto Maschio, alibaki uwanjani hadi mwisho. Mwamuzi alikuwa Mwingereza Ken Aston. Miaka minne baadaye, kwenye fainali za Uingereza, Pelé alipigwa na mabeki wa Bulgaria, kisha na wa Ureno, hadi akachechemea nje ya mashindano pamoja na Brazili yake. Katika robo fainali ya Uingereza na Ajentina, nahodha wa Ajentina, Antonio Rattín, aliyefukuzwa, alikataa kutoka kwa dakika kadhaa, akidai haelewi mwamuzi Mjerumani anasema nini. Aston, ambaye sasa alikuwa msimamizi wa waamuzi, aliwaza jambo hilo akiwa njiani kurudi nyumbani kwa gari, na taa za barabarani za Kensington High Street zikampa jibu: njano ya tahadhari, nyekundu ya kusimama.

Kadi zilianza kutumika Mexico mwaka 1970. Ya kwanza ya njano ilikuwa ya mchezaji wa Umoja wa Kisovyeti, tarehe 31 Mei, na mashindano yote yale yalimalizika bila hata nyekundu moja. Pelé, aliyekuwa ameapa kutocheza tena Kombe la Dunia, alirudi na kulichukua. Carlos Caszely wa Chile ndiye aliyeifungulia kadi nyekundu historia yake, mwaka 1974.

Kadi hata hivyo huadhibu kile tu ambacho mwamuzi amekiona na kukiita rafu. Katika nusu fainali ya 1982 mjini Sevilla, golikipa Harald Schumacher wa Ujerumani Magharibi aliruka na kumpamia Mfaransa Patrick Battiston, aliyeanguka bila fahamu, meno yamevunjika na pingili ya uti wa mgongo imeumia. Mwamuzi aliamuru mpira upigwe kutoka golini, kana kwamba hapakutokea kitu. Mwaka uliofuata Andoni Goikoetxea wa Athletic Bilbao alimvunja Diego Maradona kifundo cha mguu kwa kumkwatua kutoka nyuma. Hata ushindi mtamu wa Kameruni dhidi ya Ajentina, tarehe 8 Juni 1990, una picha ya aina hiyo: Claudio Caniggia alikwepa mguu wa kwanza, akayumba kwenye wa pili, kisha Benjamin Massing akamvaa kwa nguvu iliyomng'oa Massing mwenyewe kiatu. Mashabiki wa Afrika hukumbuka bao la Omam-Biyik na Simba Wasioshindika waliobaki tisa uwanjani, na wana haki ya kufurahi. Lakini Caniggia angeweza kuvunjika mguu.

Kukwatua kutoka nyuma kulikomeshwa kwa sababu kuliwamaliza waliokuwa wakijaza viwanja. Marco van Basten, mshambuliaji wa Uholanzi na AC Milan, alicheza mechi yake ya mwisho akiwa na miaka 28. Kifundo chake, kilichokuwa kimepigwa na kupasuliwa mara kadhaa, hakikupona, na mwaka 1995 alitangaza kustaafu. FIFA iliwaagiza waamuzi wa Kombe la Dunia la 1994 wawe wakali, na mwaka 1998 bodi ya sheria za soka, IFAB, iliandika kwamba kukwatua kutoka nyuma kunakohatarisha usalama wa mpinzani ni kosa la kadi nyekundu. Katika miaka hiyohiyo sheria iliacha kuuliza kama mchezaji alikusudia kuumiza, ikaanza kuuliza kama alikuwa mzembe au alitumia nguvu kupita kiasi. Hili ndilo geuko kubwa kuliko yote tangu 1863, ingawa halina picha ya kukumbukwa. Nia hukaa moyoni mwa mtu na hakuna mwamuzi awezaye kuisoma. Njumu zilizoinuliwa hadi gotini zinaonekana. Kiwiko kinachopigwa usoni kiliongezwa kwenye makosa ya kadi nyekundu kabla ya fainali za 2006, na kuanzia 2018 video iliruhusiwa rasmi kumsaidia mwamuzi kwenye rafu za kutolewa nje.

Jeraha lililochelewa kuliko yote kushughulikiwa ni lile lisiloonekana. Ubongo huelea katika majimaji ndani ya fuvu, na kichwa kikisimamishwa ghafla, wenyewe huendelea na mwendo. Mchezaji anaweza kutikisika ubongo bila kuzimia na bila kutoka tone la damu. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 2014, Christoph Kramer wa Ujerumani alipigwa kichwani, akaendelea kucheza, kisha akamuuliza mwamuzi kama ile ilikuwa fainali. Alitolewa katika dakika ya 31.

Kuna pia madhara yasiyohitaji rafu yoyote. Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion aliyesifika kwa mipira ya kichwa, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59 na akili iliyopotea. Afisa wa uchunguzi wa vifo aliamua kwamba alikufa kwa ugonjwa uliotokana na kazi yake. Uamuzi huo ulipaswa kuutikisa mchezo mzima, lakini miaka 17 ilipita kabla ya Chuo Kikuu cha Glasgow kutoa jibu la kitakwimu. Watafiti walilinganisha kumbukumbu za wachezaji wa zamani 7,676 wa Uskoti na za watu wengine 23,028, wakakuta kwamba wachezaji hao walikuwa na uwezekano mara tatu na nusu zaidi wa kufa kwa magonjwa ya kudhoofika kwa ubongo. Uchambuzi wa 2021 ulionyesha kwamba mabeki ndio waliokuwa hatarini zaidi, ilhali kwa magolikipa, ambao kwa kawaida hawapigi mipira ya kichwa, hatari ilikaribiana na ya watu wa kawaida. Katika kikosi cha Uingereza kilichotwaa ubingwa mwaka 1966, Ray Wilson, Martin Peters, Nobby Stiles na ndugu wawili Jack na Bobby Charlton wote walipatwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu.

Wengi hulaumu mipira ya zamani ya ngozi iliyonyonya maji. Mpira mkavu, hata hivyo, umekuwa na uzito uleule wa gramu 410 hadi 450 tangu 1937, na wa siku hizi huenda kasi zaidi. Kwa hiyo hatua zimeelekezwa kwenye mazoezi, ambako kichwa hupiga mipira mingi kuliko kwenye mechi. Marekani ilizuia watoto wa miaka 10 kwenda chini kupiga mipira ya kichwa kuanzia 2015. Uingereza, Uskoti na Ireland Kaskazini ziliuondoa mpira wa kichwa katika mazoezi ya watoto wa shule za msingi mwaka 2020. Mwaka 2021 klabu za kulipwa za Uingereza zilishauriwa kwamba mchezaji asipige mipira ya kichwa yenye nguvu kubwa zaidi ya kumi kwa wiki mazoezini.

Kuhusu mtikisiko wa ubongo uwanjani, soka na raga sasa zimeachana njia upya. Raga humtoa mchezaji kwa muda, mwingine akaingia, daktari akampima kwa utulivu. Akiwa mzima anarudi. IFAB ilichagua badiliko la kudumu: lilianza kwa majaribio mwaka 2021, na tangu 1 Julai 2024 kila mashindano yanaweza kuruhusu badiliko la ziada kwa ajili ya mtikisiko wa ubongo, bila kuhesabiwa miongoni mwa mabadiliko ya kawaida, lakini aliyetoka harudi. Chama cha kimataifa cha wachezaji, FIFPRO, na baadhi ya ligi kubwa zinataka utaratibu wa muda, zikieleza kwamba daktari anayepewa dakika chache katikati ya uwanja, huku kocha na mashabiki wakisubiri, hawezi kupima ubongo sawasawa. Wanaopinga wanahofia timu kuutumia mwanya huo kwa hila. Januari 2023 bodi ililikataa ombi la ligi za Uingereza, Ufaransa na Marekani la kufanya majaribio, na uamuzi huo haujabadilishwa katika sheria za 2024.