Kutua Mzigo: Historia ya Msamiati wa Uchukuzi wa Barabarani

Wachunguzi wa ukopaji wa maneno wanapofikia uchukuzi wa barabarani, aghalabu huanza na lori, trela, dizeli na breki, kisha huhitimisha kwamba msamiati wa fani hii uliingia pamoja na injini. Hitimisho hilo linairuka historia ya wapagazi. Kabla ya lori la kwanza, njia ya kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji ilikwisha kupitisha bidhaa za kila namna, karibu zote zikibebwa na watu, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo.

Katika misafara ya karne ya 19, aina ya mzigo ndiyo iliyoamua namna ya kuubeba. Nguo za merikani na kaniki zilifungwa marobota marefu ya begani. Masango yalining'inizwa kwenye ncha mbili za mti. Pembe kubwa ya ndovu ilihitaji watu wawili. Mzigo wa kawaida ulikuwa kiasi cha frasila 2, yaani karibu kilo 32. Jina la mpagazi linahusiana na kitenzi -pagaa, kubeba begani, na kitenzi hichohicho hutumika kwa pepo anayempanda mtu. Uhusiano huo haukuhitaji kufafanuliwa kwa aliyekwisha kutembea siku nzima na frasila 2.

Lenye mafunzo zaidi ni jozi ya -twika na -tua. Mtu hutwikwa mzigo, naye huutua. Kituo basi ni mahali pa kutua, na katika safari ya miguu hapo ndipo mzigo ulipoteremshwa. Leo basi lina kituo, polisi wana kituo, hata utafiti una kituo chake. Mzigo umesahauliwa, neno limebaki. Kariakoo ya Dar es Salaam nayo ina kisa cha jinsi hiyo. Jina hilo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa. Wanunuzi sokoni hulitamka jina lao kila siku bila kuwakumbuka.

Rhodesia ilipojitangazia uhuru mwaka 1965 na njia za kusini zikawa mashakani, malori yalipeleka mapipa ya mafuta Zambia na kurudi Dar es Salaam na shaba. Chombo kilikuwa kigeni, lakini kazi ilielezwa kwa maneno ya zamani: -pakia, -pakua, na shehena, neno la asili ya Kiarabu lililozoeleka kwa mizigo ya majahazi.

Kati ya majina mawili ya kazi hii, mchukuzi ndiye aliyebahatika: kutokana na -chukua likapatikana uchukuzi, na uchukuzi una wizara. Mpagazi hakupanda cheo hicho. Jina lake li hai Mlima Kilimanjaro, ambako gari huishia langoni, na mizigo ya watalii hupandishwa na watu kwa kikomo cha kilo 20 kwa kila mmoja.